Retina Haiumi: Usisubiri Maumivu Ndipo Upime Macho

Ziba jicho la kushoto kwa kiganja, bila kulibonyeza. Tazama maandishi ya mbali: kalenda ya ukutani, kibao cha duka la ng'ambo ya barabara, namba ya gari lililoegeshwa. Sasa hamisha kiganja, ziba la kulia. Macho yote mawili yanaona sawasawa?

Kama hujawahi kufanya hivyo, anza leo. Mtu anaweza kukaa miezi na jicho moja lililofifia asijue, kwa kuwa lile zima linabeba kazi yote. Wengi hugundua kwa bahati tu. Mchanga unaingia jicho zima, mtu analifikicha, ndipo anakuta lile la pili halioni.

Rudia kila mwezi. Kama unavaa miwani ya mbali, ivae unapojipima. Mwenye simu ya Android anaweza kupakua bure programu ya Peek Acuity, iliyotokana na kazi ya daktari wa macho Andrew Bastawrous na wenzake kule Nakuru, Kenya. Inaonyesha herufi E iliyogeuzwa pande mbalimbali, na anayepimwa anaonyesha kwa kidole E imeelekea wapi. Bibi asiyejua kusoma naye anapimika.

Ila usitulie sana ukiona vizuri. Retina ni utando ulio nyuma kabisa ndani ya jicho, unene wake haufiki nusu milimita, nao ndio unaopokea mwanga na kupeleka taarifa kwenye ubongo. Hauna neva za kuhisi maumivu. Unaweza kuvuja damu, kuvimba kwa maji, hata kuchanika, na wewe usisikie chochote. Kwa hiyo retina tunaipima kwa tarehe. Ukingoja dalili, umechelewa.

Kama una kisukari

Kisukari huharibu mishipa midogo ya damu ya retina taratibu. Mingine inavuja, mingine inaziba, kisha inaota mipya dhaifu inayopasuka kirahisi. Hatua za mwanzo hazina dalili hata moja. Siku unapoona ukungu, mara nyingi ugonjwa una miaka ndani yako.

Ratiba ni hii. Kisukari aina ya pili: pima retina mara tu unapogundulika, kwa sababu huenda sukari ilikuwa juu miaka kadhaa kabla hujajua. Aina ya kwanza: ndani ya miaka 5 tangu ugundulike. Baada ya hapo kila mwaka, labda daktari akuite mapema zaidi. Mwenye kisukari akishika ujauzito apimwe ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, maana mimba inaweza kuusukuma ugonjwa huu mbio.

Usinunue miwani wakati sukari iko juu. Sukari ikipanda, lenzi ya jicho hubadilika, na namba ya miwani hubadilika nayo. Utatoa hela leo, sukari itulie mwezi ujao, miwani ikukatae. Dhibiti sukari, ikae sawa wiki kadhaa, ndipo upimwe miwani.

Ukiwa kliniki, usiridhike kuambiwa macho yako ni mazima kwa sababu tu umesoma herufi za ukutani. Uliza waziwazi: "Retina yangu imeangaliwa?" Hivyo ni vipimo viwili tofauti. Ukijibiwa bado, omba barua ya rufaa hapo hapo, kabla hujatoka mlangoni.

Presha ya damu nayo usiiache nyuma. Inaumiza mishipa ileile, na ikikutana na kisukari uharibifu unakwenda kasi. Tenga ukurasa mmoja wa daftari uandike vitu vitatu: HbA1c, ambayo ni wastani wa sukari wa miezi mitatu hivi, presha yako, na tarehe ya mwisho ulipopimwa retina. Daktari yeyote utakayeingia kwake, mwonyeshe ukurasa huo.

Na sigara, acha. Hilo halihitaji maelezo.

Wapo wengine wanaostahili ratiba ingawa hawana kisukari. Mwenye seli mundu aanze kupimwa retina akiwa na miaka 10 hivi. Anayemeza hydroxychloroquine kwa ajili ya lupus au baridi yabisi apimwe ndani ya mwaka wa kwanza wa dawa, kisha kila mwaka dawa ikishafikisha miaka 5. Anayetibiwa kifua kikuu kwa ethambutol akiona rangi zimefifia, hasa nyekundu, arudi kliniki siku hiyohiyo, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kugusa neva ya jicho. Asikatishe dozi kwa uamuzi wake mwenyewe, aende aseme. Na mama aliyejifungua mtoto njiti aulize kabla ya kuruhusiwa wodini: macho ya mwanangu yatapimwa lini?

Siku ya matone

Ili daktari aione retina vizuri, mboni lazima ipanuliwe. Muuguzi anakudondoshea matone. Yanawasha sekunde chache. Unakaa kwenye benchi nusu saa hivi, na maandishi ya kwenye simu yanaanza kuyeyuka kidogo kidogo. Macho yenye rangi iliyokolea, kama yetu, huchelewa kupanuka, kwa hiyo usishangae ukiongezwa tone la pili na la tatu.

Kisha unaingizwa chumba cha giza. Unaweka kidevu kwenye mashine, mwanga mkali unaingia jicho moja, daktari anakuambia tazama juu, tazama chini, kushoto, kulia. Mwanga unakera lakini hauumi. Dakika chache, kazi imekwisha. Ukiona rangi ya zambarau au waridi ikitanda mbele yako baada ya taa kuzimwa, tulia, inapita.

Jiandae. Usiende ukiendesha gari wala pikipiki, kwa kuwa ukungu wa karibu unaweza kukaa saa 4 hadi 6. Jua la mchana litakuchoma macho, basi beba miwani ya jua au kofia yenye ukingo mpana. Nenda na mtu. Tenga nauli mfukoni kabla ya matone, maana baada yake hata meseji ya M-Pesa utaomba usomewe. Na kama ulipanga kusaini mkataba siku hiyo, ahirisha. Sitanii.

Beba dawa zote unazotumia, pamoja na maboksi yake, miwani yako ya sasa, na ule ukurasa wa daftari. Kama matone ya aina hiyo yaliwahi kukuletea maumivu makali ya jicho na kichwa, sema kabla hujadondoshewa.

Usitoke bila majibu matatu. Retina yangu iko hatua gani? Sehemu yake ya katikati imevimba? Nirudi lini? La tatu liandike kwenye kalenda ya simu ukiwa bado umekaa kitini, au mtu uliyekwenda naye akuandikie. Kama wamepiga picha ya retina, omba nakala. Mwakani picha mbili zikiwekwa pamoja zitaonyesha mabadiliko ambayo hakuna mtu angeyakumbuka.

Wapi? Tanzania, retina hutibiwa katika idara za macho za KCMC kule Moshi, Muhimbili na CCBRT jijini Dar es Salaam. Kenya, kuna Hospitali ya PCEA Kikuyu na ile ya macho ya Lions SightFirst iliyoko Loresho, Nairobi. Ukiwa mbali, anzia kitengo cha macho cha hospitali ya wilaya, mkoa au kaunti yako. Piga simu kwanza. Kliniki ya retina huwa na siku zake, na hakuna kinachovunja moyo kama kusafiri usiku kucha ukafika Jumanne ukaambiwa ni Alhamisi. Uliza pia bima yako inalipia nini na nini.

Ukiambiwa unahitaji leza, elewa kazi yake. Leza inalinda uoni uliobaki, haiurudishi uliopotea. Wapo wanaorudi nyumbani wakilaumu leza, kumbe walifika leza ikiwa haina tena cha kuokoa. Hilo likutie haraka, lisikutie hofu.

Ukiambiwa sindano ya jicho, najua umeshtuka. Jicho hutiwa ganzi, sindano ni nyembamba sana, na inachukua muda mfupi. Jipange kwa zaidi ya moja, maana mwanzoni mara nyingi ni kila mwezi kwa miezi kadhaa. Uliza kama bevacizumab inakufaa, kwa kuwa kwa kawaida bei yake ni ya chini kuliko ya ranibizumab au aflibercept. Baada ya kuchomwa, jicho likianza kuuma, kuzidi wekundu au kupoteza nuru ndani ya siku chache, rudi mara moja. Usingoje miadi.

Chukua daftari la hesabu

Hiki kipimo cha nyumbani kinafaa hasa kwa waliovuka miaka 50, wenye kisukari, na wanaoona karibu tu na wanavaa lenzi nene. Kilibuniwa na daktari Mswisi Marc Amsler, na wewe huhitaji kununua chochote. Chana ukurasa wa daftari la hesabu la mwanao, lile lenye miraba. Weka nukta nyeusi katikati.

Vaa miwani yako ya kusomea. Shika karatasi umbali wa sentimita 30 hivi, mahali penye mwanga wa kutosha. Ziba jicho moja, kaza lile lililo wazi kwenye nukta, usilitoe hapo. Bila kuhamisha jicho, jiulize: mistari imenyooka? Kuna miraba iliyopotea? Kuna doa katikati? Badilisha jicho.

Ukiona mistari imepinda, chukua kalamu uchore palipopinda palepale kwenye karatasi, uandike jicho gani na tarehe. Kisha nenda kliniki ya macho ndani ya siku chache, na karatasi mkononi. Mistari kupinda ni alama ya tatizo katikati ya retina, mahali tunapotumia kusoma na kutambua sura za watu. Huenda ni uzee wa retina, huenda ni uvimbe wa kisukari. Kutofautisha hayo ni kazi ya daktari. Karatasi ikiwa safi, ibandike ndani ya mlango wa kabati uitazame tena wiki ijayo.

Dalili za leo hii, si kesho

Vitu vyeusi vidogo vinavyoelea machoni, wengine huviita inzi, wengi wetu tunavyo na havina shida. Kinachotakiwa kukushtua ni vingi kutokea kwa ghafla. Vikija na vimulimuli pembeni ya jicho, hata gizani au ukiwa umefumba macho, retina huenda inavutwa au imechanika. Kivuli kikianza kufunika upande mmoja wa uoni, huenda imeshaanza kubanduka.

Hapo usilale kwanza. Nenda siku hiyohiyo, na mapokezini sema dalili zote tatu kwa maneno mafupi: vimulimuli, vitu vinavyoelea, kivuli. Usiseme tu "macho yananisumbua", utapangwa foleni ya miwani. Retina iliyochanika bila kubanduka mara nyingi hushikizwa kwa leza, unarudi nyumbani. Iliyobanduka inataka upasuaji, na ikiwahiwa kabla katikati haijabanduka, nafasi ya kuokoa uoni ni kubwa zaidi.

Uwe macho zaidi kama una namba kubwa ya miwani ya kuona mbali, kama jicho liliwahi kupigwa, kama umefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, au kama nduguyo aliwahi kubandukiwa na retina.

Jicho moja likizimika ghafla bila maumivu, lichukulie sawa na kiharusi. Nenda hospitali kubwa yenye huduma ya dharura, hata kama nuru imerudi baada ya dakika chache. Mshipa wa retina unaweza kuziba kama wa ubongo unavyoziba, na chanzo mara nyingi ni kilekile.

Presha ya macho

Hii si presha ya damu iliyopanda mpaka machoni. Presha yako ya mkono inaweza kuwa safi na bado glakoma ikawa inakula neva ya jicho. Inaanzia pembeni, ndiyo maana huioni. Unagonga mlango, unakosa ngazi, unalaumu giza. Kilichopotea hakirudi.

Sisi watu wa asili ya Afrika inatushika zaidi na mapema zaidi. Ukifika miaka 40, pimwa. Kama mzazi au ndugu wa tumbo moja anayo, anza ukiwa kwenye miaka ya thelathini. Na hakikisha neva imeangaliwa pia, maana wapo wenye glakoma ambao namba ya presha ya macho yao ni ya kawaida.

Ukipewa matone, ni ya kila siku, na mara nyingi ni ya maisha. Hutasikia nafuu yoyote, kwa sababu hukusikia ugonjwa. Usiache. Kama una pumu, mwambie daktari kabla hajaandika dawa. Timolol inaweza kukubana kifua vibaya.

Sasa namna ya kudondosha, maana hapa dawa nyingi huishia shavuni. Nawa mikono. Inua uso, vuta kope ya chini mpaka ifanye mfuko mdogo, tazama juu, dondosha tone moja. Moja tu, jicho halina nafasi ya mawili. Fumba taratibu bila kupepesa, kisha bonyeza kwa kidole pembe ya jicho iliyo karibu na pua kwa dakika moja au mbili. Hapo ndipo machozi yanapoingilia puani. Ukisikia uchungu wa dawa kooni, hukubonyeza vizuri. Kama una dawa mbili, ziachanishe kwa dakika 5. Andika kwenye chupa tarehe uliyoifungua. Nyingi hutupwa baada ya wiki 4, hata kama imebaki.

Mtoto wa jicho ni habari nyepesi zaidi. Lenzi imechafuka, inatolewa, inawekwa ya bandia. Hakuna tone, asali wala kidonge kinachouyeyusha, na siku hizi huhitaji kungoja "uive". Ukikuzuia kazi zako, kafanyiwe. Mwenye kisukari aombe retina iangaliwe kabla ya upasuaji.

Kushindwa kusoma karibu ukifika miaka 40 na kitu ni umri tu. Nunua miwani ya kusomea, lakini safari hiyohiyo pima na presha ya macho.

Ya kununua na ya kuacha famasi

Macho mekundu ya virusi, kama yale ya mapema mwaka 2024 yaliyoenea Tanzania hadi watoto wakayaita red eyes, kwa kawaida hupona yenyewe ndani ya wiki moja hadi mbili. Nawa mikono, taulo lako liwe lako, kitambaa cha maji baridi kitatuliza muwasho. Usitie maziwa ya mama, mkojo, chai wala majani. Jicho jekundu likiwa na maumivu makali, likiogopa mwanga au likipunguza uoni, hilo ni jingine, nenda hospitali.

Soma boksi kabla hujalipa. Ukikuta dexamethasone, betamethasone au prednisolone, hiyo ni steroidi. Jicho litakuwa jeupe ndani ya siku mbili na utamsifu muuzaji. Ukiitumia ovyo kwa muda mrefu inapandisha presha ya macho na kuleta mtoto wa jicho, na kama kidonda ni cha fangasi inakichochea. Wanaoumia zaidi ni watoto wenye mzio wa macho, wanaonunuliwa chupa ileile kila muhula. Steroidi ni dawa nzuri mikononi mwa daktari wa macho, na ataipangia siku ya kuisha.

Miwani ya kuzuia mwanga wa buluu, weka hela yako. Mwanga wa simu haujaonekana kuharibu retina. Kinachochosha macho mbele ya kompyuta ni kusahau kupepesa. Kila baada ya dakika 20 inua macho, tazama mbali sekunde 20. Hela hiyo ilipie kipimo cha retina. Vidonge vya "vitamini za macho" navyo vina faida kwa baadhi ya wenye uzee wa retina uliokwishaanza. Kwa jicho zima, mchicha, matembele na embe vinatosha.

Mwisho, fungua picha za watoto kwenye simu yako, zile zilizopigwa kwa mwanga wa flashi. Kwa kawaida mboni hutoka nyekundu pande zote mbili, au nyeusi. Ukikuta moja ina mng'ao mweupe, piga nyingine mtoto akitazama kamera moja kwa moja. Weupe ukirudi, au ukiona makengeza mapya, mpeleke hospitali yenye daktari wa macho wiki hii. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, na inaweza kuwa saratani ya retina, ambayo huwashika zaidi walio chini ya miaka 5 na hutibika vizuri ikikamatwa mapema. Picha usiifute. Mwonyeshe daktari kwenye simu hiyohiyo.